Moto Ulioingia Machoni mwa Paka

Mmeniona nikikata ini, nikainama, nikampa paka kipande kibichi kabla chungu hakijainjikwa, na mmecheka mliponisikia nikisema naye. Chekeni tu. Nyama haijaanza hata kuchemka, na habari ninayotaka kuwapa inatosha kuisubiri mpaka iive.

Zamani macho ya paka hayakuwaka. Ukipishana na paka mahali penye giza ulimkanyaga, kwa sababu hakuwa na cha kukuonya naye hakukuona ukija. Macho yake yalikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mtama, na yalizidi kufifia kadiri alivyokua. Watu waliamini kwamba hivyo ndivyo paka alivyoumbwa, kiumbe wa kulala na kupapasa, na hakuna aliyelitilia shaka jambo hilo.

Watu ninaowasema ni wa Vumbeni, waliokaa ubavuni mwa mlima na kulima mtama na ulezi. Walikuwa na sheria moja waliyoipenda kuliko nyingine zote: kila kinacholiwa chini ya paa kipite kwanza motoni. Moto ndio uliotutenga na fisi, walisema. Mtoto alipikiwa, mgeni alipikiwa, mgonjwa alipikiwa mpaka chakula kikawa rojo. Na paka, kwa kuwa alilala ndani na kazi yake ilikuwa kulinda nafaka, alihesabiwa mtu wa nyumbani, basi naye akapikiwa. Asubuhi alipewa uji wa ulezi, jioni ugali uliochovywa kwenye mchuzi. Siku ya nyama alitengewa mnofu uliochemshwa hadi ukapoteza rangi na harufu. Waliompikia hawakuwa watu wabaya. Huenda hapajawahi kuwa mahali paka alipopendwa kama Vumbeni.

Mapenzi hayo yalifika mbali. Paka akibahatika kukamata panya, mwenye nyumba alikimbia, akamnyang'anya kwa upole, akambabua yule panya manyoya, akamchoma, akamtoa mifupa, kisha akamwekea paka kwenye kigae. Kufikia hapo paka alikuwa amesahau habari ya panya na yuko usingizini. Vizazi vikapita hivyo, na paka wa Vumbeni wakajifunza kwamba kuwinda ni kumtafutia mtu mwingine kazi ya jikoni. Wakaacha.

Kitu kibichi kilikuwa na kazi moja tu kijijini. Mtu alipofukuzwa, awe mwizi asiyekoma au mke aliyekataliwa, aliitwa uani mbele ya watu, akawekewa pande la nyama mbichi mkononi, akaambiwa, "Pokea, uende." Hakupigwa wala hakutukanwa. Alitoka na nyama ile hadi kwenye jiwe la mpaka, akaitupa huko, na tangu hapo hakuwa wa pale tena. Desturi hiyo waliiita mkono mbichi, na watu wa ng'ambo ya bonde walikuwa nayo vilevile.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Nakiete. Yeye alikuwa ameupokea mkono mbichi. Aliolewa ng'ambo ya bonde, akakaa na mumewe miaka mingi bila kupata mtoto, mpaka asubuhi moja mama mkwe alipomwita uani huku mume akiangalia miguu yake mwenyewe. Nakiete alitembea na nyama ile hadi kwenye jiwe la mpaka. Hakuweza kuitupa. Damu ilikuwa imeshaganda na kumnata vidoleni, naye aliona aibu kuirusha kama mtu anayemrushia mbwa. Akaiweka chini taratibu, akaketi.

Vichakani akatoka shume, paka dume wa porini, mwenye shingo nene na sikio lililoraruka. Akaila nyama ile yote mbele yake, akajilamba, kisha akainua uso. Macho yake yalikuwa safi, kama ya mtu aliyelala akashiba usingizi. Walitazamana kidogo, shume akaenda zake. Nakiete alisimama, akapanda mlima kurudi kwao, na kwa muda mrefu alidhani amesahau aliyoyaona.

Kwao baba yake alikuwa amekwisha kufa. Aliyempokea ni baba yake mkubwa, Mzee Senzighe, ambaye ndiye aliyekuwa mshika sheria wa Vumbeni. Mzee huyo hakumuuliza neno. Alimpa kibanda kando ya kihenge cha mbegu, lile ghala lililosimama juu ya miguu ya magogo, na akamwambia, "Mwanangu, hiki ndicho tumbo la kijiji. Kilinde."

Mbegu yote ya Vumbeni iliwekwa humo, ya kila nyumba, ikingoja mvua. Ikiliwa, hakuna kupanda. Na bila kupanda, watu wa Vumbeni wangelazimika kushuka bondeni na kuvuka kwenda kuombaomba kwa walewale waliompa Nakiete mkono mbichi. Hilo hakulisema kwa mtu. Lakini kila alipogusa ukuta wa kihenge alilifikiria, na kila alipolifikiria aliapa kwamba yeye, akiwa hai, hatavuka lile bonde na kikapu kitupu.

Mwaka huo panya walikuwa wengi. Walipanda magogo, wakatoboa udongo wa ukuta, wakawa wanaingia mchana kweupe. Paka wa kihenge alikuwa jike mmoja aliyeitwa Kijivu. Alikuwa mpole, anakuja ukimwita, lakini alitembea akigusa kuta kwa masharubu, na alipozaa, watoto wake walilia sauti nyembamba kisha wakanyamaza. Panya walipita karibu na mkia wake. Nakiete alimpikia uji mzito zaidi. Akamchemshia nyama muda mrefu zaidi, akidhani labda haikuiva vizuri. Kijivu alikula kwa adabu, akazidi kukonda. Na kila Nakiete alipoingiza mkono kihengeni, mbegu ilikuwa imeshuka.

Asubuhi moja alipokuwa akimpangusa Kijivu macho kwa kitambaa, yule shume wa mpakani akamjia akilini, akiwa na uso wake wote. Akaacha kupangusa. Alikaa vile, kitambaa mkononi, kisha akanyanyuka na kwenda kwa mchinjaji.

Mchinjaji aliitwa Mbonea, mtu wa maneno mengi.

"Nipatie kipande cha moyo," Nakiete alisema. "Kibichi."

Mbonea akasimamisha kisu. "Kibichi? Nani anaondoka, dada? Mbona habari hazijanifikia?"

"Hakuna anayeondoka. Ni cha Kijivu."

Mbonea alicheka hadi akaegemea mti wa kutundikia nyama. "Unampa paka talaka! Na watoto utabaki nao wewe au wanaenda kwa mama?"

"Wewe kata. Kucheka utamalizia nikishaondoka."

Alipoona uso wake, Mbonea aliacha mzaha. "Mimi simpi mtu kibichi bila mzee kuniagiza," alisema. "Unajua hivyo." Kisha akageuka kuangalia mlima kana kwamba kuna mtu anamwita, kisu kikateleza, na kipande cha moyo kikaanguka juu ya majani ya mgomba. "Kilichoanguka si changu," akasema, bado anaangalia mlima.

Nakiete alikiokota. Nyumbani alichuchumaa mbele ya Kijivu na kumwekea kipande kile chini. Kijivu alinusa, akarudi nyuma. Akasogea, akalamba mara moja, akaenda kuketi mbali. Siku iliyofuata alikila chote, na kabla jua halijapanda alikitapika chote.

Nakiete aliyatazama matapishi yale kwa muda. Pengine wazee walikuwa na haki. Pengine alikuwa mwanamke mwenye uchungu tu, anayetaka kumtwika paka kile alichobebeshwa yeye. Alilipima wazo hilo bila kujionea huruma, kwa sababu lingeweza kuwa kweli. Halafu akakumbuka mbegu. Akafuta pale chini, akaosha kisu, na kesho yake akakata kipande kidogo kama punje ya kunde.

Alijifunza polepole. Alichukua nyama ya mnyama aliyechinjwa asubuhi ileile, hakuingoja itembelewe na nzi. Alianza na punje, ikawa kidole, akachanganya moyo, ini kidogo na mnofu. Uji aliupunguza hadi kigae kikabaki kikavu. Mbonea naye aliendelea kuangusha vipande, akilalamika kwa sauti kwamba kisu chake kimekuwa kizee.

Manyoya ya Kijivu yakaanza kulala vizuri. Kisha akaanza kuruka juu ya kizingiti badala ya kukipapasa. Kisha, mchana mmoja, Nakiete alisikia purukushani nyuma ya kihenge, akamwona Kijivu ametokea na panya mdomoni, kichwa juu. Mikono ya Nakiete ilinyooka yenyewe kwenda kumchukua yule panya akamchome, kama mama yake alivyofanya na bibi yake alivyofanya. Aliirudisha kwa nguvu na kuishika nyuma ya mgongo. Kijivu akamla panya palepale, kuanzia kichwani.

Jirani yake, mwanamke aitwaye Nambike, alikuwa akipita na kuni. Aliona yote, na aliona pia kipande cha ini kibichi karibu na mlango. Kuni zikamwanguka.

"Nakiete! Huyo paka amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Umempa mbichi! Paka wa kihenge! Ukimfukuza huyo, mbegu zetu zitalindwa na nani, na wewe?" Wala hakuziokota kuni. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Senzighe.

Nambike alimkuta mzee akimtafunia nyama paka wake. Paka huyo alikuwa bibi kizee kipofu, aliyeitwa Shangazi kwa sababu aliingia kila chumba kana kwamba nyumba ni ya kaka yake. Marehemu mke wa mzee ndiye aliyemlea. Tangu mke afe, Senzighe alichemsha nyama mwenyewe, akaitafuna ikalainika, akamlisha Shangazi kwa kidole. Kwa mtu kama huyo habari aliyoleta Nambike haikuwa jambo la kuvunjwa sheria tu. Ilimuuma hasa, kama kusikia kwamba mtoto ametupwa nje.

Watu walikusanyika mbele ya kihenge. Senzighe alizungumza taratibu, kwa kuwa alimpenda Nakiete na hilo lilimfanya awe mwangalifu zaidi.

"Mwanangu, ni kweli umewapa kibichi walio chini ya paa letu?"

"Ni kweli, baba mkubwa."

"Unajua maana yake kuliko mtu yeyote hapa. Wewe umekibeba."

"Ndiyo maana najua," Nakiete alisema. "Nilikibeba mpaka kwenye jiwe na nikamwona aliyekila. Hakuwa amefukuzwa na mtu, na macho yake yalikuwa mazima. Sisi tunawapikia paka wetu mpaka wanapofuka. Naomba uniache niendelee hadi mbegu itakapotolewa. Ikipungua, nitavuka bonde mwenyewe kuwaombea mbegu."

"Ameanza kututisha!" mtu akapaza sauti.

"Siwatishi. Naomba muda tu."

"Paka hawapofuki kwa kupikiwa," mzee mmoja akadakia. "Wanapofuka kwa uzee."

"Kijivu ana umri wa binti yako mdogo, babu. Naye amezeeka?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona aibu. Senzighe aliinua mkono. Alimsikia Nakiete na hakuona uongo katika sauti yake, lakini sheria aliikuta, hakuitunga yeye, na aliogopa kuwa mtu ambaye mikononi mwake ingevunjika. Aliyewapa mkono mbichi watu wa nyumbani bila idhini, sheria ilisema, naye aupokee. Akamwashiria Mbonea. Mbonea alileta pande la nyama, na safari hii hakuwa na utani wowote. Mzee akaliweka kwenye kiganja cha Nakiete.

"Pokea," alisema, kisha akaanza tena. "Pokea, uende."

Nakiete aliifahamu ile baridi. Aliijua na uzito wake, na jinsi damu inavyotafuta njia kati ya vidole. Watu walimpisha. Njia ya kuelekea kwenye jiwe ilikuwa wazi mbele yake.

Hakwenda. Alichuchumaa palepale, akamwita Kijivu.

Kijivu alitoka kibandani, akapita katikati ya miguu ya watu bila kugusa mguu wa yeyote. Nakiete akaweka nyama chini. Paka akaiuma, akainyanyua, na akaanza kutembea nayo kuelekea ukingo wa ua.

"Mnaona?" Nambike akalia. "Anaondoka! Ameelewa kuwa amefukuzwa!"

Kijivu alifika pembeni, akasimama. Aliweka nyama chini na kugeuza kichwa, akamtazama Nakiete kama anayeuliza. Hapo Nakiete alitambua kwamba maneno yaliyokwenda na nyama ile, tangu zamani, yalikuwa yaleyale tu, na hakuna aliyewahi kujaribu mengine.

"Pokea," akamwambia paka, "ukae."

Kijivu akainama, akala. Alikula akiwa ameupa ua mgongo, bila haraka, mpaka mwisho. Kisha akajilamba mkono mmoja, akasikia kitu ambacho watu hawakukisikia, akazama chini ya kihenge, kule kwenye giza katikati ya magogo.

Senzighe, ambaye hakutaka watu wamwone uso, aliinama kana kwamba anamtafuta paka. Akapiga ukelele.

"Moto! Kihenge kinaungua! Moto chini!"

Ua ukavurugika. Mmoja alikimbilia mtungi, mwingine akavua nguo ya kuzimia moto, Mbonea akaja na ndoo ya maji yenye damu na kuyamwaga yote chini ya magogo. Giza lile likatoa mlio wa ghadhabu. Na Kijivu akatoka, ameloa, panya mnene mdomoni, na katika uso wake, alipokuwa bado kivulini, mlikuwa na makaa mawili ya kijani yanayowaka. Maji hayakuyazima.

Nakiete akachuchumaa mbele ya Kijivu.

"Moto ambao hatukuutia kwenye nyama," alisema, "ameutia machoni."

Walifungua kihenge. Mbegu ilikuwa imeshuka, lakini mashimo ya ukutani yalikuwa na vumbi la zamani, na hapakuwa na kinyesi kipya cha panya. Ilitosha kupanda. Senzighe alichota kiganja, akaziacha punje zimwagike kurudi ndani, kisha akamgeukia mtoto wa ndugu yake.

"Anayefukuzwa hubeba nyama hadi kwenye jiwe," alisema. "Hiyo ndiyo sheria. Nyama yako imeliwa ndani ya ua wangu. Huna cha kwenda nacho." Aliwatazama watu, akingoja mwenye kupinga. Mbonea alisema kwamba nyama nyingine hana, kisu chake ni kizee mno. Basi ikawa imekwisha.

Nakiete alibaki na kihenge chake, na mvua zilipokuja kijiji kilipanda, na hakuna aliyevuka bonde na kikapu kitupu.

Jioni ya siku ile Senzighe alikaa na kipande cha ini mkononi mbele ya Shangazi. Mkono wake haukuwahi kumpa kibichi mtu ambaye hakuwa anamfukuza. Ilibidi aseme yale maneno mapya mara kadhaa kabla hayajatoka sawasawa. Shangazi alikula. Hakuona tena, alikuwa amechelewa, lakini manyoya yalimrudia, na aliishi hadi akaanza kugombana upya na kila mtu. Mzee hakujisamehe haraka. Nakiete alimwambia kwamba kumtafunia paka nyama miaka yote ile hakukuwa kosa la kuombewa msamaha; yalikuwa mapenzi ambayo hayakuuliza swali. Watoto waliozaliwa na Kijivu baada ya hapo walifungua macho, na ndani yake mkawa na moto.

Na tangu siku hiyo macho ya paka huwaka penye giza. Ule ni moto wa nyama ambayo haikuwekwa motoni, na humkaa machoni maadamu anaendelea kuipata. Tangu siku hiyo nyama inapokatwa, kipande cha kwanza, kibichi, cha mnyama wa siku ileile, humwendea paka kabla chungu hakijainjikwa, na anayekitoa huinama kukiweka chini, hakirushi. Na ile desturi ya kumfukuza mtu kwa mkono mbichi ilikufa yenyewe, maana kila nyama ilipoletwa uani, paka aliifikia kwanza.

Paka naye hakusahau. Ndiyo sababu ukimpa nyama mbichi haili mbele yako hapohapo. Huichukua, huenda nayo pembeni, huiweka chini, na kukugeuzia uso kidogo. Mnadhani anaogopa mtamnyang'anya. Anangoja kujua ni maneno gani kati ya yale mawili yaliyokuja na nyama.

Kwa hiyo msicheke mnaponisikia nikisema naye. Mwambieni.